Masjala ya Nyaraka Zilizoskaniwa

Karatasi ikishapita kwenye skana, programu huuliza ihifadhi wapi. Kwenye kioo tafsiri iliyozoeleka ni "mahali pa kuhifadhi" au "eneo la hifadhi". Wengi hatusomi, tunabonyeza tu. Programu ndogo ya skana inayopatikana kwenye Windows huipeleka kazi kwenye folda iitwayo Scans, ndani ya folda ya picha, na jina la kila waraka halisemi zaidi ya tarehe. Ankara ya leo inakaa jirani na picha za harusi. Mwakani mhasibu akiitaka, atafungua moja moja.

"Mahali pa kuhifadhi" si tafsiri mbaya. Tatizo lake ni kwamba imebeba maswali matatu kwa mkupuo, ilhali Kiswahili kina namna yake ya kuyatenganisha. Mwulize karani waraka fulani u wapi. Atakwambia uko kwenye seva, au umo kwenye jalada la mteja, au upo hapa, huu. Hayo ni majibu ya mambo tofauti. "Uko" ni chombo: kompyuta ya nani, seva ipi, huduma gani ya wingu na nani analipia. "Umo" ni mpangilio: waraka huu unakaa pamoja na zipi, kwa sababu gani. "Upo" ni anwani kamili, kuanzia herufi ya diski hadi jina la mwisho. Fundi akija kusanidi skana hushughulika na la kwanza, la tatu linajijaza lenyewe, na la kati halina mwenyewe.

Hilo la kati ndilo lenye jina la zamani katika ofisi zetu: masjala. Neno hili ni ndugu wa sajili na msajili, na kiini chake ni kuandikisha, si kuweka tu. Barua ikiingia masjala ya ofisi ya serikali Tanzania hugongwa muhuri wa siku ya kupokelewa, huandikwa kwenye rejista, kisha hufungwa ndani ya jalada lake na kupewa namba ya folio. Mkubwa akiandika "rejea folio 14", mjadala umekwisha. Jalada likinenepa hufungwa, inafunguliwa juzuu ya pili. Kuna masjala ya wazi na masjala ya siri, na watu wake si walewale. Ndiyo maana napendekeza tuseme "masjala ya skani" pale programu inapomtaka mtu apange hifadhi nzima ya ofisi, na "mahali pa kuhifadhi" ibaki kwa waraka mmoja mmoja.

Faili nalo lina utata wake. Kwa mtu wa masjala, faili ni lile jalada la kadibodi lenye karatasi nyingi. Kwa kompyuta, faili ni kitu kimoja, na chenye vingi ni folda. Mwambie karani mkongwe "fungua faili jipya kwa kila ankara" uone atakavyokuangalia. Ofisini ni salama zaidi kusema waraka kwa kimoja na jalada kwa folda, faili tukawaachia mafundi. Hata "waraka" una pande mbili: katika jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya Tanzania, kumbukumbu ni zile zinazoendelea kutumika na nyaraka ni zilizochaguliwa kutunzwa daima. Mtaani, nyaraka ni karatasi yoyote ya kazi, na humu nafuata mtaa. Ama "changanua", ambalo simu nyingi hulitumia kwa maana ya kuskani, sikubaliani nalo. Kuchanganua ni kufafanua kitu kwa kukigawa sehemu, nayo skana haifafanui chochote.

Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha Dar es Salaam. Kila mzigo unakuja na hati ya shehena, ankara ya muuzaji, orodha ya vifungashio, hati za forodha, risiti za bandari. Wazo la haraka ni kufungua jalada kwa namba ya kontena, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye simu siku nzima: herufi nne na tarakimu saba, ya mwisho ikiwa ya kuhakiki zilizotangulia. Lakini kontena ni chombo cha kuzunguka. Mwakani litarudi na mzigo wa mtu mwingine, na nyaraka za wateja wawili zitalala jalada moja. Namba ya hati ya shehena inafaa zaidi, maana imetolewa kwa safari hiyo. Juu yake uwe mwaka, basi. Ngazi zikizidi mno, anwani inarefuka, na Windows kwa kawaida hugoma inapokaribia herufi 260.

Majina nayo yana mtego ambao ofisi zetu huutega zenyewe. Tunapenda mkwaju. Kumb. Na. za barua zina mkwaju, ankara nazo: INV/2024/031. Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala nukta pacha, wala alama ya kuuliza. Karani akikataliwa hubuni lake, mmoja anaweka kistari, mwingine nafasi, wa tatu anaunganisha, na hapo kutafuta kunakufa. Amueni kistari, mbandike uamuzi huo ukutani kando ya skana. Tarehe ianze na mwaka, 2024-03-11, ili nyaraka zijipange zenyewe kwa mfuatano wa siku.

Kuhusu "uko", tukio la mwaka 2017 linafundisha. Mashine nyingi kubwa za fotokopi zilikuwa zikituma skani kwenye folda ya mtandao wa ofisi kwa itifaki kongwe ya SMB toleo la kwanza. Mwezi Mei mwaka huo kirusi cha WannaCry kikasambaa duniani kwa kupenya humo, na miezi michache baadaye Microsoft ikaacha kuiweka itifaki hiyo katika usakinishaji mpya wa Windows 10. Ofisi zilizonunua kompyuta mpya zikakuta mashine nzima, folda ipo, na skani hazifiki. Wapo waliofungulia tena mlango ule wa zamani ili kazi iendelee. Mimi ningenunua mashine nyingine, au ningeskani kwa waya wa USB hadi pesa zipatikane.

Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Risiti ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi Tanzania, haifiki huko: imechapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na ikikaa juani kwenye kioo cha gari maandishi yanafifia. Hiyo iskaniwe siku ileile, kwa nukta 300 kwa inchi, na ihifadhiwe kama PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya utunzaji wa muda mrefu. Hubeba fonti zake ndani.

Mikataba ya wafanyakazi na nakala za vitambulisho ziende masjala ya siri, yaani folda ambayo karani wa mapokezi haifungui kabisa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania ina yake ya 2022. Kuificha folda hakutoshi. Ruhusa huwekwa kwa jina la mtumiaji, na mtu akiacha kazi, jina lake linaondolewa jioni hiyohiyo.