Ploti: Kutoka Kipande cha Ardhi hadi Msuko wa Hadithi

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea yake Ken Walibora (2012) ilipokuwa ikitahiniwa katika shule zetu, nilitunga swali la majaribio la alama 20 lililomtaka mtahiniwa ajadili ploti ya riwaya hiyo. Msichana mmoja alijaza kurasa mbili na nusu kuhusu mashamba. Alieleza jinsi Mtemi Nasaba Bora alivyonyakua ardhi isiyo yake, akataja hati za kumiliki ardhi, akataja Chichiri Hamadi aliyeuawa. Sentensi yake ya kwanza ilisema kuwa ploti za Sokomoko zilichukuliwa kwa hila. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akisahihisha kando yangu alicheka hadi machozi yakamtoka. "Huyo mpe sufuri," akasema. Nami nilimpa sufuri, ila kwa penseli.

Kilichonizuia kutumia kalamu nyekundu ni swali rahisi: msichana huyo alilitoa wapi neno ploti? Bila shaka hakulitoa katika kitabu cha uhakiki. Alilisikia nyumbani. Katika miji ya Kenya ploti ni kiwanja kinachouzwa, mara nyingi cha futi 50 kwa 100, ambacho madalali hukiita thumuni ya ekari ingawa hesabu kamili huonyesha kuwa kimepungua kidogo. Ploti pia ni safu ya vyumba vya kupangisha vyenye lango moja na bomba moja la maji. Vijana nao wakikutana Ijumaa huulizana ploti ya wikendi ni gani, maana yake mpango. Mtoto aliyelelewa na maana hizi tatu anaingia kidato cha tatu, na ghafla anaambiwa kuwa ploti ni mfuatano wa matukio katika kazi ya fasihi. Haambiwi neno hilo lilifikaje huko. Makala haya yananuia kumwambia.

Neno plot katika Kiingereza lilianza mchangani. Linapatikana katika Kiingereza cha kale, karibu na mwisho wa kipindi hicho, likimaanisha kipande kidogo cha ardhi na si zaidi. Kwa karne kadhaa lilibaki na maana hiyo ya mkulima na jembe lake. Mageuzi yalikuja katika karne ya 16. Wakati huo upimaji wa ardhi ulikuwa ukishika kasi Uingereza, na wenye mashamba walitaka michoro ya kuonyesha mipaka yao. Neno likahama kutoka ardhi yenyewe hadi mchoro wa ardhi: karatasi inayoonyesha mahali ukuta utakapojengwa na mahali njia itakapopita. Mara nyingine liliandikwa plat, na Wamarekani hadi leo hutumia umbo hilo kwa ramani ya viwanja. Mwanafunzi anayechora grafu katika somo la hisabati, akitia nukta moja moja kisha kuziunganisha, anatumia tawi la maana hiyo hiyo.

Kutoka mchoro wa nyumba hadi mpango wowote ni hatua fupi. Kutoka mpango hadi mpango wa siri kulihitajika msukumo, na msukumo huo ulitoka Ufaransa. Wafaransa walikuwa na neno complot, yaani njama, ambalo Waingereza walilikopa katika karne hiyo hiyo ya 16. Halina undugu wa asili na kile kipande cha ardhi, lakini masikio hayajali nasaba. Maneno mawili yaliyofanana kwa sauti yalikutana, na lile la Kiingereza likabeba mzigo wa jirani yake. Nyakati zenyewe ziliruhusu. Mwaka wa 1586 iligunduliwa njama ya Anthony Babington ya kumuua Malkia Elizabeth I ili Mary wa Scotland atawale. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alikamatwa chini ya jumba la Bunge jijini London akilinda mapipa 36 ya baruti yaliyokusudiwa kumlipua Mfalme James I pamoja na wabunge wake. Matukio hayo mawili yanaitwa plot katika vitabu vya historia ya Kiingereza, na tangu siku hizo neno hilo halijawahi kusafika kabisa.

Ni katika London hiyo hiyo ambapo neno liliingia jukwaani, na hapa ningependa mwalimu atue kidogo. Makundi ya waigizaji ya wakati wa Shakespeare yalikuwa na karatasi iliyobandikwa kwenye ubao na kutobolewa tundu ili itundikwe kwenye kigingi nyuma ya jukwaa. Ilikuwa imegawanywa kwa mistari kuwa visanduku, na katika kila kisanduku iliandikwa nani anaingia, nani anatoka, na wakati mwingine ameshika nini. Karatasi hiyo iliitwa plot au plat. Mojawapo, ya mchezo uliopotea kuhusu dhambi saba kuu, imehifadhiwa katika chuo cha Dulwich, London, ambacho kiliasisiwa na mwigizaji Edward Alleyn. Ukiitazama unaona kwamba maana ya ardhi haijafa. Ile karatasi ni uwanja uliopimwa, wenye mipaka, na kila mhusika ana kisehemu chake cha kukanyaga. Katika karne ya 17 neno likawa la kawaida kwa mpangilio wa matukio katika tamthilia na hatimaye katika hadithi yoyote.

Kwa hivyo tusimsingizie Aristotle. Baadhi ya vitabu vyetu vya marudio huandika kana kwamba mwanafalsafa huyo wa karne ya 4 K.K. ndiye mwasisi wa neno ploti. Yeye alitumia neno la Kigiriki mythos, lenye maana ya kisa au masimulizi, akasema kuwa ndilo roho ya tanzia na kwamba lazima liwe na mwanzo, kati na mwisho. Wafasiri wa Kiingereza ndio waliomvisha plot karne nyingi baadaye. Kinachovutia ni tamathali aliyoitumia Aristotle kueleza jinsi tanzia inavyokwenda: kuna kufunga fundo, kisha kuna kulifungua. Wafaransa nao huuita mpangilio wa matukio intrigue, neno lililotokana na Kilatini chenye maana ya kutatiza, kama nyuzi zilizosokotana. Kigiriki na Kifaransa vinazungumzia kamba na uzi. Kiingereza pekee ndicho kilichokwenda shambani.

Na Kiswahili je? Wahakiki wetu walipotafuta istilahi ya kienyeji walichagua msuko, kutokana na kitenzi suka. Naona walichagua vyema kuliko tunavyowasifu. Mswahili husuka nywele, husuka mkeka, na pia husuka njama. Yaani kitenzi hicho kilikuwa tayari kimeunganisha ufundi na hila, jambo ambalo Kiingereza kililifanikisha kwa bahati tu ya sauti mbili kufanana. Aidha, msuko unaonyesha kitu ambacho ploti ya ardhi haiwezi kukionyesha. Tazama ukili unaposukwa: uzi mmoja wa ukindu huingia chini ya mwenzake, ukapotea machoni, kisha ukaibuka mbele. Haukukatika, ulikuwa umefichwa. Ndivyo mwandishi anavyoficha jambo katika sura za mwanzo na kuliibua mwishoni, na ndiyo sababu mbinu rejeshi na taharuki hufundishika kwa urahisi mbele ya mwanafunzi anayejua kusuka. Wale wanaosisitiza ploti kwa kuwa ni neno la kimataifa wana haki yao, lakini wakumbuke kuwa umataifa huo ni wa shamba la Mwingereza.

Tofauti moja lazima ishikwe, kwani ndiyo inayowapotezea watahiniwa wengi alama. E. M. Forster, katika mihadhara yake ya mwaka wa 1927, alitenga hadithi na ploti: hadithi hufuata wakati, ploti hufuata sababu. Nitoe mfano wangu. Mzee aliuza kiwanja, kisha mwanawe akahamia mjini: hiyo ni hadithi. Mwana alihamia mjini kwa sababu mzee aliuza kiwanja alichoahidiwa: hapo msuko umeanza. Mtahiniwa anayesimulia riwaya upya kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho amejibu "kisha nini?" ilhali aliulizwa "kwa nini, na mbona kwa utaratibu huu?" Tunapaswa kuwa wakali na jibu hilo, hata likiwa na hati nzuri.

Turejee basi kwa yule msichana. Nilipoisoma karatasi yake mara ya pili niliona jambo lililonipita mara ya kwanza. Katika riwaya ile, ardhi ndiyo inayosababisha. Tamaa ya shamba ndiyo iliyoleta njama, njama ikamuua Chichiri Hamadi, Yusufu akafungwa jela kwa kosa ambalo hakulitenda, na mambo hayo ya kale ndiyo yaliyomleta Amani Sokomoko, ingawa msomaji huyajua baadaye. Hata mswada wa Amani ulioibwa na Majisifu na kuchapishwa kwa jina lake ni aina ya unyakuzi: mmoja amenyakua ploti ya ardhi, nduguye amenyakua ploti ya hadithi. Maana tatu za neno la Kiingereza zimekutana katika kitabu kimoja cha Kiswahili.

Msichana hakuyasema haya yote. Alikuwa amezifuata sababu hadi kwenye kifungo cha Yusufu, akafika hapo akaishiwa na muda. Hakutaja taharuki wala mbinu rejeshi, na Majisifu hakumtaja hata mara moja. Nilifuta penseli nikampa 9, kisha pambizoni nikaandika: "Umeanza uwanjani, sasa suka." Mwenzangu bado anashikilia kuwa zilikuwa alama nne nyingi mno. Swali lenyewe nimelibadilisha. Siku hizi huandika "msuko", na hakuna ambaye ameniletea insha ya ususi.