Msisimkonuru: neno la udongo mwekundu

Shati jeupe halikai jeupe Voi. Vumbi la Tsavo limewapaka rangi hata ndovu, na kuna wageni wanaorudi kwao wakiamini kwamba wameona ndovu wa aina nyingine. Rangi ile ni kutu tu. Udongo umejaa oksidi za chuma, hasa hematiti, na huko Kishushe chuma kimelundikana hadi kikawa mwamba wa kuchimbwa.

Hematiti hiyo ina tabia ambayo bado hatujaipa jina linalotosha. Wanafizikia huiweka katika kundi la nusukipitishi, na mimi nalilaumu neno hilo kwa ile “nusu”. Msikilizaji hudhani umeme unapita kidogo kidogo, kama maji ya mfereji ulioziba. Sivyo. Elektroni zake zimekaa ghorofa ya chini, ghorofa ya juu iko tupu, na ngazi hakuna. Nuru yenye nguvu ya kutosha ikipiga, elektroni huruka juu, na pale ilipotoka hubaki tundu. Elektroni iliyoruka hutafuta wa kumwangukia. Tundu nalo hutafuta wa kumnyang'anya elektroni. Kwa hematiti inatosha nguvu ya takriban elektronivolti 2, yaani hata mwanga wa kawaida wa mchana. Rutili, madini yaliyochimbwa katika mchanga wa Kwale, hudai kama 3, kwa hiyo hungoja urujuanimno.

Tuiite nini? Shule imekwisha kutupa kielelezo: usanisinuru. Kwa mtindo huo mtu angeweza kupendekeza “uchocheonuru”, na madini yenyewe yawe “vichocheonuru”. Neno linatamkika, na kwa rutili linafaa kabisa, maana rutili hufanya kazi kutwa na kubaki nzima. Ndiyo maana ya kichocheo tuliyofundishwa: huharakisha mmenyuko, chenyewe kisiliwe. Lakini tulipeleke neno hili kwenye tope tuone.

Tope linapatikana Taveta, upande wa pili wa kaunti iliyo na Voi, ambako maji ya Kilimanjaro huibuka kwenye chemchemi za Njoro Kubwa na kuteremka na Mto Lumi hadi Ziwa Jipe, na watu hulima ndizi na mpunga. Jaruba likishajazwa maji, hewa ya udongoni huisha kwa siku chache. Bakteria wa humo hawafi wote. Wapo wanaopumua chuma kama sisi tunavyopumua oksijeni: mabaki ya majani wanayokula huwapa elektroni, nao huzitupa kwenye kutu. Kutu ikizipokea huyeyuka. Mkulima huona udongo mwekundu ukigeuka kijivu, na mferejini utando wa rangi ya machungwa pale maji yanapokutana tena na hewa.

Hapo ndipo aseniki inapoingia. Wazee wanaijua kwa sumu ya panya na kwa majosho ya ng'ombe ya enzi za ukoloni, lakini miamba mingi nayo huwa na chembe zake. (Asije mtu akasusa wali wa Taveta kwa ajili yangu, naeleza kanuni, sitangazi kipimo.) Udongo ukiwa mkavu, aseniki hukaa katika umbo la arsenati, imeng'ang'ania kutu. Kutu ikiyeyuka, aseniki hubaki haina pa kushika. Tena wapo bakteria wanaopumua arsenati yenyewe na kuigeuza arseniti, ambayo ni sumu kali zaidi na hutembea kwa urahisi. Mpunga haujui kuikwepa: arseniti yafanana na asidi ya silika, ambayo mpunga huihitaji ili ubua usimame, basi huipitisha mlango uleule wa mizizi. Ulinzi wake ni mdogo. Mizizi huvujisha oksijeni, chuma hugandia juu yake kama koti la kutu, na koti hilo hunasa sehemu ya aseniki.

Yote hayo hutendeka gizani, kwa maana nuru haipenyi udongo zaidi ya milimita chache. Katika utando huo wa juu, kabla mpunga haujatanda kivuli, mambo hubadilika. Tundu likimnyang'anya arseniti elektroni, arseniti hiyo hurudi kuwa arsenati na kushikwa tena. Elektroni nayo ikiangukia chuma cha hematiti yenyewe, madini huyeyuka na kuachia yalichobeba. Au humwangukia bakteria. Mwaka 2012 Anhuai Lu wa Chuo Kikuu cha Peking na wenzake walionyesha kuwa bakteria wasio na usanisinuru wowote waweza kukua kwa elektroni za madini yaliyopigwa na nuru. Akiwa ni yule apumuaye arsenati, nuru imempikia chakula atufungulie sumu.

Sasa, kichocheo gani hiki kinachoyeyuka kikiwa kazini, leo kikifunga na kesho kikifungua? Kwa hematiti neno “uchocheonuru” linasema uongo. Ninapendekeza “msisimkonuru”. Mwili husisimka kabla mtu hajajua kama atakimbia au atacheka, na madini haya ni hivyo hivyo: kinachojulikana ni kwamba yamesisimka, mengine huamuliwa na jirani aliyeko karibu. “Uchocheonuru” tuiachie rutili.

Nawe mwalimu wa kemia wa Voi au Wundanyi, usiningoje mimi wala kamusi. Tia udongo mwekundu kwenye chupa mbili za kioo, ongeza maji na sukari kidogo, ziache vifuniko vimelegea ili gesi itoke. Moja iweke dirishani, nyingine kabatini. Ziangalieni kila Ijumaa kwa mwezi mmoja, na wanafunzi waandike wanachokiona kwa Kiswahili.