Kutoka baraza la Mama Trowell mpaka mlango wa mgeni rasmi

Najua kimya kimezidi. Wiki mbili hizi nipo kwenye kamati ya maonyesho ya sanaa ya wanafunzi, na mwenzenu nimepewa kazi ya kuandika kadi za maelezo, zile karatasi ndogo zinazobandikwa pembeni ya picha. Nikadhani nimepata kazi laini. Thubutu!

Juzi kwenye kikao tumebishana mpaka saa nne usiku. Mwenzetu mmoja kachora kwa mkaa chumba cha hosteli: vitanda viwili, watu sita, ndoo, pasi imewekwa juu ya daftari. Mwingine kachora Wamasai wanatembea, jua linazama nyuma yao. Kamati ikaona Wamasai wakae mlangoni maana ndipo mgeni rasmi atakapoingilia, na hosteli iende kule mwisho, karibu na stoo. Mtu akasema hatuwezi kumpokea mgeni kwa ndoo. Watu wakacheka. Aliyeichora hakucheka.

Nikarudi chumbani nimekasirika, nikaanza kusoma kuhusu maonyesho ya kwanza ya wanafunzi huku kwetu Afrika Mashariki. Kumbe ubishi huu una umri wa bibi zetu.

Habari inaanzia Kampala. Mwaka 1935 Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa na ualimu London, alihamia pale na mumewe daktari, wakitokea Kenya. Mwaka 1937 akaanza kufundisha uchoraji barazani kwake. Sio darasani, barazani! Njia yake alijifunza kwa mwalimu wake Marion Richardson: anawasimulia wanafunzi tukio fulani, soko labda, au hadithi ya Biblia. Wao wanafumba macho mpaka waione picha kichwani, halafu ndio wanachora. Hakuna kunakili chupa iliyowekwa mezani. (Sisi wa ualimu tunaimbishwa mbinu shirikishi kila semista kana kwamba zimegunduliwa jana.)

Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikavuka bahari mpaka London, kwenye Imperial Institute. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Jengo lile lilikuwa na kumbi za kuonyesha mali za makoloni: mbao, madini, mazao. Mtu wa London alizoea kuingia pale kuangalia milki yake inazalisha nini. Sasa safari hii anakuta michoro ya vijana wa Makerere.

Sitaki kumsema vibaya Mama Trowell. Zama zile wapo wakubwa wengi wa serikali walioona kumfundisha Mwafrika uchoraji ni kupoteza rangi. Alihitaji ushahidi, na maonyesho yakawa ushahidi wenyewe. Sanaa ikaingizwa Makerere, na shule ile mpaka leo ina jina lake. Bila yeye pengine nisingekuwa na cha kuwaandikia. Ila kwa Kiswahili chetu neno kielelezo lina maana mbili: kinachofafanua jambo, na kile kitu kinachopelekwa mahakamani kuthibitisha kesi. Naona picha za 1939 zilikuwa vielelezo vya maana ile ya pili. Kesi ilikuwa kama Mwafrika anaweza. Aliyetazama alikuwa hakimu, na aliyechora alikuwa mtuhumiwa, hata kama alishinda.

Ukishalijua hilo unaelewa kwa nini kupanga maonyesho sio suala la misumari na ngazi tu. Sisi tumeelekezwa kwamba katikati ya picha pawe kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, kwenye usawa wa macho. Sawa, lakini macho ya nani? Siku ya pili wanakuja watoto wa shule tunayofanyia mazoezi ya kufundisha. Mtoto wa darasa la pili ataangalia fremu kwa chini. Taa iko wapi, mtu anaanza kuona nini, kipi anakutana nacho akiwa ameshachoka: yote hayo ni kuamua mapema nani anakuja na nani hesabu zake hazimo.

Turudi Makerere. Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo alikuwa Mchaga wa Kilimanjaro, Sam Ntiro, aliyezaliwa 1923. Akasoma, akafundisha palepale, kisha akaenda Slade, London, 1952 mpaka 1955. Unategemea akirudi huko achore kama wao. Wapi! Aliendelea kuchora migomba, ng'ombe na watu wanaofanya kazi pamoja, bila vivuli, kwa kukumbuka tu, kama vile bado kafumba macho barazani. Picha yake ya mwaka 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo kwenye makumbusho ya MoMA, New York. Watu wa Moshi mtaniambia kama ni mbege. Tanganyika ilipopata uhuru 1961 yeye ndiye akawa Balozi wetu London, mji uleule. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Elimo Njau, wa Marangu, aliyezaliwa 1932. Huyu ni mwalimu mwenzetu hasa, alisoma Makerere miaka ya 1950 kisha akafundisha watoto uchoraji Kampala. Mwaka 1959 alichora maisha ya Yesu katika picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya, lililojengwa kukumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu ni mweusi, na vilima nyuma yake ni vilima vya hapohapo. Fikiria: mama aliyefiwa anaingia kusali, anainua macho, anaona mteremko anaoupanda kila siku na kuni mgongoni. Hakuna mgeni rasmi. Hakuna anayethibitishiwa kitu. Na huwezi kuibandua ukaipeleka stoo, maana ni ukuta.

Baadaye alianzisha nyumba ya sanaa Marangu, kwenye miguu ya Kibo, na mwaka 1965, pamoja na wenzake, Paa ya Paa kule Nairobi. Mwalimu wangu wa sarufi angeweka kalamu nyekundu, angedai "paa anapaa", maana mnyama ni A-WA. Mwacheni mnyama aruke. Mwaka 1997 moto uliteketeza kazi nyingi sana pale, na Njau na mkewe Phillda wakaanza tena.

Makerere nako mambo yalibadilika. Trowell alipoondoka, Cecil Todd alishika nafasi mwishoni mwa miaka ya 1950, akaleta historia ya sanaa ya dunia na nadharia ya rangi. Wapo wanaomlaumu, wapo wanaomsifu, hiyo ni mada ya siku nyingine. Mimi nashika moja: mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikapata jumba lake la maonyesho, palepale chuoni. Mwanafunzi wa kilimo anaweza kutoka kula akapita kuona mwenzake kafanya nini. Kwangu hilo ni kubwa kuliko London.

Basi jana nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati na haya yote kwenye daftari. Alinisikiliza, kwa haki yake nisiseme uongo. Akasema historia nzuri, lakini mgeni ndiye anayetegemewa kuchangia rangi na karatasi za mwaka kesho, na ndoo haichangishi. Sikuwa na jibu la haraka. Hata Mama Trowell angemwelewa.

Tumekubaliana nusu. Ukuta wa kushoto utashushwa kwa ajili ya watoto. Kadi zitabeba jina la mchoraji na sentensi moja aliyoisema mwenyewe, sio "maisha ya Kiafrika" kama ilivyopendekezwa. Picha ya hosteli ikae wapi, tunapiga kura kesho saa kumi jioni.

Mchoraji kaniletea sentensi yake leo asubuhi: "Pasi si yangu, daftari ndilo langu." Nimeiandika hivyohivyo kwa maka peni. Sasa naenda kuazima ngazi jikoni.