Kilimo hai ndani ya gunia

Urea ni ogani au si ogani? Mwanakemia atajibu kwamba ni ogani, kwa sababu ni kampaundi ya kaboni. Ndiyo hiyo ambayo Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabarani mwaka 1828, bila kutegemea mkojo wa mnyama. Mkaguzi wa mazao atajibu vingine: mkulima akitia urea ya mfuko kwenye mboga zake, cheti cha mazao ogani hapati. Neno moja, majibu mawili yanayopingana. Kiswahili kimeepukana na mkanganyiko huo kwa istilahi kilimo hai.

Lord Northbourne, Mwingereza aliyekipa kilimo hiki jina lake la Kiingereza, organic farming, katika kitabu Look to the Land cha mwaka 1940, hakuwa akifikiria kampaundi za kaboni. Alilitazama shamba kama kiumbe kizima, kila kiungo kikitegemea kingine. "Hai" inalibeba wazo hilo barabara. "Asilia", ambayo nayo husikika sana, inapwaya: anayelima bila kurudisha chochote ardhini mpaka ikachoka naye angeweza kujiita mkulima wa asili. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopitisha kiwango cha pamoja cha mazao haya, alama iliyoambatana nacho ilibeba maneno Kilimo Hai.

Kilicho hai hasa ni udongo. Nitrojeni nyingi ya samadi imefungwa ndani ya protini, na mizizi haiwezi kuitumia ikiwa hivyo. Bakteria na kuvu huivunja protini hiyo ikatoka amonia, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa nitrati ambayo mmea huinyonya pamoja na maji. Kazi hiyo inataka hewa, unyevu na joto.

Hapo ndipo kupanda kwenye chombo kunapokuwa mtihani. Bustani za magunia zilienea Kibera, Nairobi, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa Solidarités lilipoanza kugawa miche mwaka 2008. Ujenzi wake una akili nyingi. Mkebe usio na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe, udongo uliochanganywa na samadi hushindiliwa pembeni, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, hadi nguzo ya mawe ifike mdomoni mwa gunia. Maji hupita humo yakafika chini badala ya kuishia juu. Sukuma wiki na spinachi hupandwa kwenye matundu ya ubavuni, vitunguu juu.

Lakini gunia limetengwa na ardhi. Nyungunyungu hapandi kutoka chini, na kila umwagiliaji unaozidi huondoka na nitrati. Samadi mbichi nayo, katika udongo mchache hivyo, huunguza mizizi kwa amonia. Kwa hiyo chakula cha gunia ni mbolea vunde, na jina hili linaeleza kazi yake: majani, mabaki ya jikoni na samadi hufunikwa yapate joto lao wenyewe, kama ndizi zinavyovundikwa ziive. Rundo likichemka vizuri hupita nyuzi 55 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi.

Nchini Kanada, ambako tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya shirikisho inaruhusu kaya kupanda hadi miche minne ya bangi, wapo wanaoipanda kwenye vyungu vya kitambaa kwa kanuni hiyohiyo: udongo hautupwi baada ya mavuno, bali huongezewa mbolea vunde na kutumika tena. Wenyewe huuita udongo hai. Nchini Kenya na Tanzania zao hilo limepigwa marufuku, lakini mbinu yenyewe inafaa kwa nyanya na pilipili vilevile.

Je, gunia ni kilimo hai? Umoja wa Ulaya unakataa. Kanuni zake zinazotumika tangu mwaka 2022 zinadai mazao yakuzwe katika udongo hai ulioungana na tabaka la chini na mwamba. Mmea wa kiungo cha mapishi ukiuzwa pamoja na chungu chake, huo umeruhusiwa. Marekani inakubali vyombo. Kanuni ya Ulaya inamlinda mnunuzi dhidi ya mabanda makubwa yanayolisha mimea kwa mirija, na ni haki iwepo. Mama wa Kibera anayekuza mboga za nyumbani haombi cheti, na maadamu anaurudishia udongo wake mbolea vunde kila msimu, jina la kilimo hai linamstahili.