Kutua na DC-3 bila kutoka nyumbani

Tarehe 17 Desemba 1935, ndege ya DC-3 iliruka kwa mara ya kwanza huko Santa Monica, Marekani. Wazee wa Kongo wanaijua: propela mbili, pua juu, mkia chini. Sabena iliitumia hapa wakati wa ukoloni, kisha Air Congo, iliyoundwa mwaka wa 1961. Leo zinazoruka bado ni chache. Hata hivyo, kuna watu wanaoitua kila jioni wakiwa wameketi nyumbani mbele ya kompyuta.

Mchezo huo umetoka kwenye misiba. Mwaka wa 1929 Edwin Link, mtoto wa mtengeneza vinanda wa Binghamton, jimbo la New York, alitengeneza ndege ndogo isiyoruka. Alichukua viriba vya hewa, kama vile vya vinanda vya kanisani, akaviweka chini ya sanduku lenye kiti. Mtu akivuta usukani, sanduku linainama kama ndege. Jeshi halikujali, na wateja wake wakawa wenye viwanja vya starehe. Mwaka wa 1934 jeshi lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Marubani wasiozoea kuruka gizani na ndani ya mawingu walikufa mmoja baada ya mwingine katika wiki chache. Ndipo jeshi likanunua masanduku 6. Hadi mwisho wa vita ya pili ya dunia, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 10,000.

Bruce Artwick aliingiza kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo za nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1970, na Microsoft ikatoa programu yake mwaka wa 1982. Toleo la mwaka wa 2003, miaka 100 tangu ndugu Wright waruke, lilikuja na DC-3 ndani.

Hapo ndipo waliozoea ndege za kisasa wanapoaibika. Uzito wa DC-3 uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ikigusa ardhi ikiwa imepinda hata kidogo, mkia unataka kupita mbele, kama chukudu yenye makaa kwenye mteremko inapotaka kumpita mwenye kuiongoza. Rubani hugusa kwanza kwa magurudumu ya mbele, anapunguza nguvu ya mota, anauacha mkia ushuke polepole, huku miguu ikifanya kazi kwenye pedali mpaka ndege isimame kabisa. Wengi huharibu baada ya kutua, wakidhani kazi imeisha.

Rubani wa kweli husikia mkia ukiteleza kupitia kiti chake, kabla macho hayajaona. Kiti cha nyumbani hakisemi kitu. Katika hilo sanduku la Link lilikuwa na nafuu. Asiye na pedali anahangaika na vitufe, upepo wa pembeni unampiga, ndege inazunguka na kuishia majanini. Anabonyeza, anarudishwa angani karibu na kiwanja, anaanza tena kushuka.