Mzee Majuto na Safari ya Vichekesho Kutoka Jukwaani Hadi Runingani

Amri Athumani, ambaye Watanzania walimwita Mzee Majuto na baadaye King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza angali mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, akaendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni. Anayefuatilia maisha yake anafuatilia pia jinsi vichekesho vya Kiswahili vilivyowafikia watu wa Tanzania Bara katika kipindi cha miaka sitini.

Kabla ya televisheni, kichekesho kilikuwa mali ya jukwaa. Baada ya uhuru, mashirika ya umma na majeshi yaliunda vikundi vya utamaduni. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilikuwa na wasanii wake. Dar es Salaam kulikuwa na vikundi vya DDC Kibisa na Muungano. Onyesho la jioni moja lilichanganya ngoma, sarakasi, mchezo wa kuigiza na kichekesho, na mara nyingi kichekesho ndicho kilichosubiriwa zaidi. Waigizaji hawakukariri maneno yaliyoandikwa. Walipatana kisa, wakaingia jukwaani, kisha kila mmoja akajaza maneno yake kwa kusikiliza watazamaji wanavyoitikia. Aliyeshindwa kuwasoma watu alizomewa papo hapo. Hiyo ilikuwa shule ngumu, na hakuna chuo kilichoweza kuchukua nafasi yake. Waliokuwa mbali na majukwaa walikuwa na redio, na wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walijulikana hata vijijini.

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Bara ilingoja hadi 1994, ITV na vituo vingine vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Vituo hivyo vilihitaji vipindi vya Kiswahili, na waliokuwa tayari ni watu wa jukwaani. Said Ngamba, yaani Mzee Small, akawa miongoni mwa sura za mwanzo, na kundi la Kaole Sanaa Group likavuma ITV kwa michezo yake ya kuigiza.

Majuto aliingia kwenye kamera akiwa mtu mzima, na utu uzima huo akaufanya mtaji. Alijifunga msuli, akavaa kofia, akazungumza Kiswahili cha Tanga kwa sauti ya juu yenye ukali. Mara nyingi alikuwa mzee mbishi, mchoyo au mpenda vya bure, ambaye hila zake humrudia mwenyewe. Watazamaji walimtambua mzee huyo, kwa sababu kila mtaa unaye. Thamani ya uigizaji wake iko hapo: hakuhitaji mavazi ya ajabu wala kudhihaki kabila la mtu ili kuchekesha.

Kilichomfikisha kila pembe ya nchi, hata hivyo, ni kaseti za video na baadaye CD. Miji ya bara ilikuwa na vibanda vya video ambamo watu walilipa kidogo wakatazama filamu kwa pamoja. Majuto aliigiza filamu nyingi mno, baadhi pamoja na kijana wa mkoa wake, Hussein Mkieti, maarufu Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza mwezi Novemba 2012. Wakati huohuo kizazi kipya cha kundi la Orijino Komedi, akina Joti na Masanja, kilikuwa kimeshika runinga kwa mtindo wa vipande vifupi, lakini mzee hakusahauliwa. Kampuni za biashara zilimtafuta kwa matangazo.

Umaarufu huo haukuleta malipo yaliyolingana nao. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, iliundwa chini yake, lakini wasanii wengi waliendelea kusaini mikataba bila mwanasheria. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Ilikuwa hatua ya haki, ingawa ilimkuta mzee akiwa tayari kitandani. Alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, na tarehe 8 Agosti 2018 akafariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Alizikwa Tanga.