Jasusi au Mchapishaji?

Wahakiki wenzangu, hebu tulipime neno "jasusi". Marekani ilitunga Sheria ya Ujasusi mwaka 1917, vitani. Mwaka 1971 Daniel Ellsberg alishtakiwa kwayo kwa kuyapa magazeti siri za vita vya Vietnam. Kesi ilitupwa mwaka 1973, na magazeti hayakushtakiwa. Kumbe zamu yao ilikuwa njiani! Mwaka 2019 Julian Assange, mchapishaji, alibebeshwa mashtaka 18, 17 ya sheria hiyohiyo. Januari 2021 hakimu wa London alikataa asipelekwe Marekani, ila kwa sababu ya afya yake tu. Hoja ya uhuru wa habari aliitupa. Desemba uamuzi huo ukatenguliwa. Mwaka 2024 Assange akakiri shtaka moja, akaachiwa. Tusishangilie mno: Mahakama ya Juu ya Marekani haikupata nafasi ya kuamua kama kuchapisha siri ni ujasusi. Mhariri wa kesho ataujuaje mpaka wake?